Nilivyokwama Kwenye Kifuniko cha Boti

Jamani, aibu hii niliapa kuwa nitakufa nayo, lakini kwa vile kila nikipita Kawe watu wananiita "Friji", bora muisikie kwangu kuliko kwa wale wanaoongeza chumvi.

Mie na Selemani tulikuwa mafundi wa faibaglasi kwenye karakana moja ya boti hapo Kawe, na wote tulikuwa tunakula kwa Zuhura, muuza chapati wa jirani. Nilishamwambia mama ajiandae kunipelekea posa. Shida ilikuwa huyo Selemani: yeye chapati yake inatoka ya moto (yangu ya tangu alfajiri), akitania neno Zuhura anacheka mpaka anashika meza, na siku Zuhura aliponunua friji, aliyeitwa kulibeba ni nani? Nilikosa usingizi kwa wivu, nawaambia ukweli.

Wiki hiyohiyo Mzee Salim, mwenye duka la vipuri Buguruni, akatuletea boti yake ya tanga, vifuniko viwili vya juu vimelegea kwa sababu mbao za ndani zimeoza. Tukagawana, kila mtu kimoja. Selemani akasema anakwenda mjini kutafuta foamu ngumu ya kujazia, ile isiyoliwa na rezini, ile gundi ya majimaji ya faibaglasi. Mie nikaona hapa ndipo pa kumpiga bao, nimalize kabla hajarudi ili Zuhura aone fundi ni nani. Nje ya kibanda cha Zuhura palikuwa na yale madude meupe mepesi yaliyokuja kwenye boksi la friji, nikayakata, nikayapanga ndani ya kifuniko, nikamwaga rezini, nikafunika kwa mati, ule mkeka wa nyuzi za faibaglasi. Ikawa inatoa kasauti ka chuchuchu (nikajua inakauka, kumbe inayala!). Nikapiga msasa, nikapaka rangi, kikang'aa kuliko hata kile mwenzangu alichokuja kukimaliza baadaye.

Siku ya kukabidhi, Mzee Salim alikuja na familia nzima, na Zuhura naye kaleta chapati. Mzee akakigonga changu.

"Mwanangu, mbona kinalia kama debe tupu?"

Hapo ningenyamaza tu yangeisha. Lakini Selemani alikuwa amesimama karibu mno na Zuhura, nikashindwa kujizuia, nikapanda juu. "Mzee wangu, hiki hata mkicheza ngoma juu yake!" Nikaruka.

Nilizama mpaka kiunoni. Miguu inaning'inia ndani ya boti, suruali imechanika, wajukuu wa mzee wanachukua video. Zuhura akasogea, nikadhani anakuja kunishika mkono, kumbe kaona kipande cheupe ambacho rezini ilikisaza. Akakiokota.

"Haa! Hii si ya friji langu?"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Aliyenitoa kwa grainda ni Selemani, taratibu, "Tulia kaka, nisije nikakukata," na Zuhura akamfuta jasho kwa khanga yake. Yeye! Si mie niliyekwama!

Posa kwa kina Zuhura ilikwenda kweli, ila haikuwa yangu, na kwenye kamati ya harusi wamenipa kitengo cha vinywaji, yaani nisimamie friji. Siku hizi sijazi kitu kwenye faibaglasi mpaka nimekidondoshea rezini kwanza nikaona kama kinaliwa, na kazi yangu siirukii mbele za watu, naapa. Wivu ndio bado haujanitoka, maana mpaka leo chapati yangu inakuja ya baridi.