Podo Juu ya Ziwa

Mume wangu alifanya kazi ya kulinda msitu juu ya milima inayoonekana ukisimama mtaani Mamboleo. Tulipooana nilikwenda kumwona huko, na asubuhi nikatoka nje nikapiga kelele, "Msitu unaungua! Moshi!" Ulikuwa ukungu tu, mzito kuliko niliowahi kuuona. Kwa Kijaluo tuna neno lake, lakini la Kiswahili sikulijua. Shule niliiacha mapema. Walinzi walicheka mpaka wakakaa chini.

Mwaka jana alifariki. Mwezi uliopita nilipanda tena kutafuta mche wa podo wa kupanda kaburini kwake. Nilitaka mtoto wa ule mti mmoja alioupenda kuliko yote, na si mche wa kununua barabarani.

Mwenzake wa kazi alinipokea. "Shemeji! Umekuja kwa miguu, au umebebwa na moshi?"

"Hamjaacha tu hayo?"

"Tuache? Marehemu alikuwa akiyasimulia kila mgeni akija."

Tukacheka, kisha akaniongoza msituni.

Ukungu ulikuwa umeshika mlima mzima. Tulipofika chini ya ule podo alioupenda, mvua ikaninyeshea. Nikarudi nyuma hatua tatu: kavu. Nikaingia tena: mvua. Mti ulikuwa ukiuchana ukungu kwa majani yake na kuunywesha udongo, peke yake, bila wingu kuombwa. Nilishika gome lake lililolowa.

Halafu ukungu ukapasuka kidogo, nikaona upande unaoelekea ziwa. Matawi yalikuwa matupu. Majani yaliyobaki yalikuwa ya kahawia kwenye ncha.

"Ni wadudu?"

"Nami nilidhani hivyo. Wakaja watu kupima maji ya ukungu. Wanasema yana ukali, kama yaliyotiwa ndimu. Moshi wa magari, wa viwanda, wa miwa ikichomwa, wote unapanda huku, unashikwa na ukungu. Mvua hupita, Shemeji. Ukungu hulala juu ya jani asubuhi nzima. Hawakusema ni hiyo peke yake. Ukame pia upo."

"Kwa hivyo ni moshi."

Alianza kucheka, akaacha. "Ndiyo. Ni moshi."

Sikufurahi kuwa nimesema kweli bila kujua. Nilinusa mikono yangu. Mimi huuza samaki ufukweni Dunga, na wale wasionunuliwa wakiwa wabichi nawakausha kwa moshi. Ni miaka mingi sasa.

"Na moshi wa tanuri langu?"

"Wako ni mdogo sana."

"Lakini unapanda?"

Aliinua macho akayatazama yale matawi matupu. Nilimshukuru kwa kutonidanganya.

Chini ya mti tulitafuta sana. Tulipata mche mmoja, wenye majani yote, urefu wa kiganja. Alipiga magoti, akaweka jembe pembeni mwa mizizi.

"Usichimbe," nikasema.

"Shemeji, umetoka mbali. Marehemu utampelekea nini?"

"Kaburi limeota nyasi lenyewe. Huyu akitoka, hapa atabaki nani?"

Aliliondoa jembe, akaubana udongo kwa vidole. Tukakaa pale, mabega yamelowa, tukisikiliza matone, mpaka jua likafika na ile mvua ya mti mmoja ikakoma.