Utando Usiofagiwa

Sogeeni, nafasi iko. Hii ilitokea hapa hapa Mudzipela, mtaa wetu wa Bunia, kwa Mama Domitille, yule anayesuka nywele barazani kwake.

Kwao ni upande wa Bule. Alipokimbia vita alibeba watoto na sufuria, mengine yote yakabaki. Ukimuuliza anakumbuka nini, hasemi ng'ombe wala shamba. Anasema kandege. Kadogo, kichwa cheusi, mgongo wa rangi ya matofali, na mkia mrefu kupita mwili wenyewe, kama utepe. Kila mvua zilipoanza kalijenga kwenye mti wa kahawa nyuma ya jiko lao, kakiimba na kudaka nzi hewani. Tangu afike Bunia hakukaona tena.

Basi asubuhi moja anamsuka mteja, akaachia nywele katikati.

"Clarisse! Kuja mbio! Mugeni amefika!"

Binti yake akatoka na mwiko mkononi. "Wakwe? Leo?"

"Wakwe gani! Kandege!"

Kalikuwa kwenye mpera mbele ya baraza. Kakaruka hadi chini ya paa, kakang'oa utando wa buibui kwenye kona, kakarudi kuuzungusha kwenye panda ya tawi. Utando ndio kamba yake. Bila huo, nyasi zote zinaanguka.

Sasa shida ni hii: Jumamosi ya juma lile lile wakwe wa Clarisse walikuwa wanakuja kutoka Tchomia na mahari. Tantine Alphonsine, dada ya marehemu baba yake Clarisse, alikwisha kufika na fagio la mti mrefu. Domitille aliporudi kutoka sokoni, ukuta mmoja wa baraza ulikuwa unang'aa. Kandege kanapepea mbele yake, mdomo mtupu, kanarudi kukaa. Kiota, nusu kikombe tu, kimeanza kulala upande.

"Alphonsine! Weka fagio chini!"

"Weye mama, uko na akili kweli? Watu wa Tchomia wakute nyumba iko na buibui kama ya mujane?"

"Si niko mujane?"

"Hata ujane iko na mupaka!"

"Ndani fagia mpaka kwenye bati. Baraza, hapana."

"Watasema mutoto ulimulelea ndani ya uchafu. Watamuacha!"

Hilo lilimwingia Domitille. Akakaa kwenye kigoda, akamtazama binti yake. "Na weye unasema nini?"

Clarisse akacheka. "Mama, kama wataniacha juu ya buibui, heri waniache mapema."

Fagio likaegemezwa ukutani.

Jumamosi wakafika. Mbele Muzee Evariste, baba mkubwa wa kijana anayemwoa Clarisse, kofia nyeupe, nyuma yake kikapu cha samaki wakavu, na nzi wao. Wakakaa barazani. Muzee akainua macho. Utando ulikuwa unaning'inia juu kabisa ya kofia yake, wa kijivu, mnene. Akautazama. Akaendelea kuutazama. Tantine Alphonsine akajifunika uso kwa kitenge. Domitille hakujua aombe nini: Muzee anyamaze, au kandege kaje.

Muzee akavua kofia, akakohoa ili aanze kusema.

Fyuuu! Kandege hako! Kakadaka nzi juu ya kikapu, kakageuka, mkia ukapita mbele ya pua ya Muzee, kakanyakua ule utando, kakaenda!

"Eeh! Mumeona?" Muzee amesimama, kofia iko chini. "Kamefagia peke yake!"

Mama wa bibi harusi hukaa kimya siku kama hiyo. Domitille akasahau. Akamshika Muzee mkono, akamvuta mpaka kwenye mpera. "Angalia pale, papa! Kanafunga! Na bibi yake ule, wa mukia mufupi, anakaa ndani anasukuma na kifua!"

Watu wote wa Tchomia wakaacha viti, shingo juu, wakisukumana kama watoto. Mahari ikasubiri.

Mwishowe Muzee akaokota kofia yake, akaipanguza. "Mama, tutoe viti tuweke kule uani. Hapa siye tunawafungia njia."

Wakamaliza maneno yao juani, wakitokwa jasho, na Clarisse akaolewa.

Majuma yalipopita, jirani mmoja alikuja kusukwa, akainua mkono kuondoa utando uliomgusa kichwani. Sauti ikatoka jikoni kabla Domitille hajafungua mdomo. Ilikuwa ya Tantine Alphonsine:

"Usiguse! Iko na mwenyewe!"