Mkate Unaobishiwa Hodi

Mimi nafagia darasa la upishi, kwa hiyo mwalimu wao namjua kwa mikono: migumu kama ya seremala, kucha fupi, unga hadi kwenye saa. Kila mkate ukitoka kwenye oveni huugeuza, akaugonga upande wa chini kwa kidole na kusema, "Hodi!" Ukilia kama ngoma, umeiva, na darasa zima huitika, "Karibu!"

Siku ya mtihani, mkate wa binti mmoja ulinyamaza kama tofali. "Wenyewe wamehama, mwalimu!" wenzake wakacheka. Binti akaanza kuvua aproni. Mwalimu akakata kipande, akakitafuna chote, nami naona taya zinavyomuuma. "Hawajahama, wamelala. Maji yako yalikuwa baridi, hamira haikuamka. Funga aproni, mwanangu. Zimebaki saa mbili. Kanda mwingine, tuwabishie tena."