Dada Yangu Kwenye Mstari wa Wajapani

Saa tano asubuhi, jua linawaka, nilimkuta dada yangu ameketi kwenye ngazi za chuo, ghorofa ya pili, amevaa sweta yake ya njano.

"Gao Nou!"

Hakugeuka.

Nikatoa simu, nikampigia. Akapokea. Alikuwa nyumbani, upande wa pili wa jiji letu la Fresno, Marekani, na nyuma ya sauti yake nilisikia kisu kikikata mchaichai.

"Unasemaje?" akauliza.

Nikainua macho. Ngazi tupu.

Jamani! Sweta ile ya njano tuliitupa miaka mitatu iliyopita, wiki ileile dada alipoacha chuo.

Dada ndiye aliyekuwa na kichwa cha masomo nyumbani kwetu. Mwaka wa pili hesabu zikamlemea, akaenda kwa mshauri wa wanafunzi kuomba aingizwe kwenye mpango wa masomo ya ziada.

Mshauri akatazama karatasi yake, akatabasamu.

"Ninyi Waasia asilimia themanini na sita mnahitimu. Nafasi hizi ni za wanaohitaji."

Dada akatoka, akakaa kwenye ngazi mpaka mlinzi alipomwinua.

Tangu siku hiyo anakula, anasalimia, anafunga mafungu ya mboga za bibi za sokoni. Ila mwenyewe hayumo.

Bibi alisema roho yake ilishtuka ikabaki njiani. Kwetu Wahmong, watu wa milima ya Laos, roho iliyobaki huitwa irudi. Bibi alisimama mlangoni na kuku, mchele na yai, akaita. Kila mwaka mara moja, miaka mitatu. Kila mara yai lilipochemshwa na kumenywa, lilikuwa na bonde ubavuni.

Maana yake haijarudi.

"Mwili usio na mwenyewe haukai sana," bibi aliniambia.

Dada alikuwa amepungua kilo tisa.

Wakati huo nilikuwa kibarua wa nusu siku kwenye ofisi ya takwimu ya chuo, chini ya Bi. Rosalba, mama mcheshi mwenye miwani mbili, moja machoni, moja kichwani. Wiki ileile niliyomwona dada kwenye ngazi, ikaja amri: lile fungu moja la "Waasia" lipasuliwe, kila kabila lihesabiwe peke yake.

Visanduku vidogo vya makabila vilikuwa kwenye fomu miaka yote. Wanafunzi walivijaza. Hakuna aliyewahi kuvifungua.

Nikavifungua mimi.

Wahindi juu. Wachina juu. Wajapani juu.

Wahmong, mwaka aliojiunga dada: walioingia thelathini na wanane. Waliohitimu, kumi na mmoja.

Bi. Rosalba akashusha miwani ya kichwani, akavaa juu ya ile nyingine.

"Mama yangu! Hawa ishirini na saba walikuwa wapi siku zote?"

"Ndani ya asilimia themanini na sita," nikamjibu.

Alipotoka kwenda kula, nikafanya nisichoruhusiwa. Nikafungua majina. Nilitaka kumwona dada yangu kati ya wale ishirini na saba, angalau awe mahali.

Hayumo.

Nikasoma tena, polepole. Hayumo.

Nikaandika jina lake, nikatafuta chuo kizima. Akatokea.

Gao Nou Moua. Mjapani.

Nyumbani nilimkuta bibi kwenye banda la gari, anafunga mchaichai kwa mipira ya kufungia.

"Bibi, kwa nini dada ni Mjapani?"

Mikono yake ikasimama.

"Nilimwambia mimi."

"Kwa nini?"

"Kule Laos, vita vilipokwisha, askari wa upande ulioshinda walikuja na daftari, wakiwasaka Wahmong waliowapigania Wamarekani. Wakauliza, nani Mhmong hapa? Babu yako alikuwa mtu mkweli, akanyoosha mkono. Wakaandikwa wanaume saba. Hakurudi hata mmoja." Akavuta pumzi. "Tukaingia msituni. Nikawafundisha watoto: ukisikia unaitwa kwa jina lako, nyamaza. Siku ya ile fomu ya chuo nikamfundisha na dada yako. Nikamwambia, jiandike kwenye watu wasiotafutwa."

Kisha nikaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyekumbuka jiko linawaka.

"Mjukuu wangu. Miaka mitatu namwita mlangoni. Na mimi ndiye niliyemkataza kuitika."

Ndipo nikamweleza nilichokiona kwenye ngazi za chuo.

Alhamisi tukaenda chuoni, bibi, dada na mimi. Mlinzi akatuzuia mlangoni.

"Bibi, kuku haruhusiwi humu."

Bi. Rosalba akatokea mbio. "Huyo ni mgeni wa ofisi ya takwimu."

"Kuku?"

"Ndiyo. Bado hatujaamua tumwandike mstari gani."

Mlinzi akacheka, tukapita.

Bibi akaweka bakuli la mchele na yai kwenye ngazi. Safari hii hakutumia maneno ya siku zote.

"Gao Nou. Ni bibi yako. Askari hawapo tena. Nilikuficha nikasahau kukufichua, kosa ni langu. Toka. Ukiitwa, itika."

Wanafunzi walipita, wengine wakasimama. Dada alikuwa kando yangu, mikono inaning'inia. Hakuitika. Tukaokota bakuli, tukarudi.

Nyumbani bibi akachemsha yai, akalimenya.

Laini. Limejaa. Hakuna bonde.

Tukamgeukia dada. Akalichukua, akalila lote, akajipangusa midomo.

"Niletee fomu," akasema.

"Fomu gani?"

"Usijifanye hujui. Ile niliyojaza uongo."

Akaandika Mhmong kwa kalamu ya wino, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Kesho yake jedwali likawa: walioingia thelathini na tisa, waliohitimu kumi na mmoja.

Nikampigia. "Umetushushia asilimia, dada."

"Ndiyo shabaha yenyewe, mjinga wewe!"

Akacheka. Miaka mitatu sikuwa nimesikia kicheko hicho.

Muhula uliofuata mpango wa masomo ya ziada ulifunguliwa kwa Wahmong. Dada amerudi chuo, ni wa tatu kwenye orodha.

Ningependa kuishia hapo. Lakini kwenye mstari wa Wajapani wamebaki wengine wawili, mmoja wa ukoo wa Xiong, mmoja wa Lor, koo za Kihmong zote mbili. Nimewapigia. Namba ya kwanza imekufa. Ya pili ilipokewa na mama mtu mzima. Nikamtajia binti yake kwa jina kamili.

Nikamsikia anapumua.

"Hapa hakuna mtu wa jina hilo," akasema kwa Kihmong, akakata.

Nikukumbushe jambo moja wewe unayesoma. Maficho huokoa, sikatai. Ila ukimficha mtu, hatari ikipita rudi umwambie imepita. Usipomwambia, ataendelea kujificha hata kwa wanaomtafuta ili wampe mkono.

Jumatatu nitapiga tena. Nitaanza kwa kutaja jina langu na ukoo wangu, kwa Kihmong.