Posa Kutoka Bologna

Kabla ya kumwachia binti yangu akaishi Italia, nilitaka niione hiyo Italia kwa macho yangu. Mchumba wake ni Mwitaliano aliyekutana naye kazini hapa London, na walishaamua kuhamia kwao, mji mdogo karibu na Bologna. Mimi nakaa Walthamstow miaka mingi sasa, na mtoto ninaye huyo mmoja tu. Nikapanda naye ndege kwenda kukagua.

Mengi yalinifurahisha, sifichi. Kahawa wanainywa wamesimama kaunta, mafunda mawili, wanaaga, wanakwenda zao. Mchana maduka yanafungwa watu wakalale, na hakuna anayeona haya. Treni ilipochelewa abiria walilalamika kwa mikono yote miwili mpaka wakawa marafiki. Hapa London kila mtu angetazama viatu vyake. Na walivyokuwa wakimsimamisha mzee njiani kumwuliza mguu unaendeleaje, nilijiona niko kwetu Tanga.

Mezani kwa wakwe ndipo nilipopata kazi. Baba wa kijana, mzee mwenye mashavu mekundu, alianza siasa na shemeji yake. Kwetu siasa tunazisema kwa sauti ya chini, huku tukiangalia nani yuko dirishani. Wao wanapiga meza. Nikamwuliza binti yangu wanagombania nini.

"Mama, it's just politics."

Nikambana. Akaniambia mzee anasema wageni wamezidi, nchi imejaa, na kura yake anawapa wanaoahidi kuwarudisha walikotoka. Wakati huohuo mzee alikuwa ananikatia tikiti maji, kipande cha katikati kisicho na mbegu, ananiwekea sahanini. Nilikila. Kilikuwa kitamu, na hasira yangu haikujua iende wapi.

Baadaye wazazi wa kijana wakaja London kuposa. Niliwaambia kwetu mtoto haondoki bila wazee kuja kumwomba, wakakubali bila ubishi. Wakaketi sebuleni kwangu, magoti yamebanana, mama mtu amepakata jibini zima kama mtoto, binti akitafsiri. Kaka yangu alikuja kutoka Tottenham kuwapokea kwa niaba ya ukoo. Mzee akasema alichojia, vizuri na kwa kifupi. Kaka naye akajibu inavyojibiwa.

"Tumewasikia. Tupeni muda, tutawapa jibu."

Kwetu huo ndio ustaarabu. Ukikubali papo hapo utadhaniwa ulikuwa unatafuta pa kumtupa mtoto. Lakini wao hatukuwaeleza, na ilipotafsiriwa mama mtu akaanza kulia.

"Mama, please, they think it's a no!"

Nikacheka, nikamshika yule mama mkono. Nilikuwa bado natafuta maneno ya kumtuliza, mzee akauliza kitu kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

"Anauliza," binti yangu akasema, "is it because of what he said siku ile, mezani?"

Kumbe alijua kwamba niliambiwa. Ningeweza kusema hapana, tukanywa chai yetu. Lakini nilikuwa nimeshampenda yule mzee, sikutaka kumdanganya.

"Mwambie kusubiri ni desturi yetu tu. Halafu mwambie ndiyo, yale maneno yaliniuma."

Mzee akasema aliokuwa akiwasema ni watu asiowajua. Binti yangu anamjua, na anampenda.

"Basi mwambie mimi ni mmoja wa hao asiowajua. Nilishuka hapa na begi moja, simjui mtu. Na mwanangu akitembea peke yake kule kwao, watakaokutana naye njiani hawatamjua."

Kaka akakohoa ili ninyamaze. Binti akatafsiri. Mzee akainama. Baadaye akasema hilo hakuwahi kulifikiria, na kwamba anaona aibu.

Nikaivunja desturi mwenyewe, kaka akinitolea macho.

"Mwambie mtoto nimewapa, leo hii, kwa moyo wangu wote. Ila yeye bado namtazama."

Binti akatafsiri nusu, akanyamaza.

"Na iliyobaki," nikamwambia.

Akaisema. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akafuta macho kwa kiganja, akasema kama binti angekuwa wake, naye angetazama.