Mahari Ilivyokula Paa Langu

Jamani, hii nilipanga niende nayo kaburini, lakini juzi pale sokoni Bariadi mtu nisiyemjua kabisa kaninyooshea kidole akamwambia mke wake, "Ndiye huyu wa chumvi," nikaona basi, kama mji mzima unaisimulia, bora niisimulie mwenyewe, angalau kwa mdomo wangu itoke na heshima kidogo (kidogo tu, msitegemee sana).

Mimi ni mtu wa mapaa. Wenzangu wakipita mahali wanaangalia wasichana au pikipiki, mimi naangalia juu. Jioni napanda kwenye yale mawe makubwa nyuma ya kwetu, nakaa mpaka mama achoke kuniita, natazama mabati ya mji yanavyometameta kama bwawa na nyumba chache za nyasi zilivyotulia pembeni kama kuku walioatamia, najiuliza kila paa limeona mvua ngapi, na waliolala chini yake wanaota nini. Shule niliishia darasa la saba, ila kwa mapaa niulize. Bati la huku kwetu linazeeka pamoja na mwenye nyumba, maana hewa yetu ni kavu. Lipeleke pwani uone (nilikaa huko kidogo, nikilinda nyumba ya wageni), upepo wa chumvi unalitafuna, halichelewi kuwa na matundu kama chujio la chai. Na hapo hapo pwani, makuti yako juu ya mabanda yametulia tuli, kivuli chake kina ubaridi fulani, ukikaa chini yake hata ugomvi wa asubuhi unausahau. Kile kivuli nilirudi nacho kichwani mpaka Simiyu.

Sasa dada yangu Minza akapata mchumba, Shija, kijana wa Lalago, mpole mpaka unamwonea huruma. Tatizo lilikuwa baba. Baba anampenda Minza kuliko anavyoweza kusema, kwa hiyo kila mchumba akija yeye hutafuta sababu. Wa kwanza walikuja wakati wa kiangazi, tukawakaribisha ndani ya nyumba yetu ya bati isiyo na dari, jua la mchana limekaa juu ya bati, bati limekaa juu ya vichwa vyetu, wazee wanachuruzika kama wamenyeshewa. Baba akatoka nje akakagua ng'ombe wa mahari (kwetu upande wa binti wana haki hiyo, wanamtazama mmoja mmoja na kumkataa wasiyempenda), akasema wamekonda wote, warudi nao. Mchumba yule wa kwanza, Minza hakumlilia. Ila kwa Shija alinivuta nyuma ya zizi akanishika mkono.

"Masanja mdogo wangu, baba akimkataa na huyu, mimi sitapona."

Nikafikiri. Balaa lilianzia hapo hapo, nilipofikiri. Nikaona kinachomkasirisha baba ni joto, ng'ombe wanasingiziwa tu. Nikijenga banda la kupokelea wageni, la majani, kama yale ya pwani, paa limeshuka mpaka kiunoni ili jua lisiingie, baba atakaa kwenye ubaridi, moyo wake utalainika, na Minza ataolewa. Niliiona picha yote, hata vikombe vya chai niliviona.

Makuti huku tutayatoa wapi? Nyasi ndefu za kuezekea mifugo ilishazimaliza, ardhi imebaki kipara. Yaliyokuwepo ni majani makavu ya mpunga kwenye majaruba ya jirani, nikayabeba mafungu kwa mafungu. Mjomba Ndaki, kaka yake mama, akanikuta natengeneza fito.

"Majani ya mpunga? Mjomba, hayo hayafiki masika ya pili. Nyasi zenyewe huku tunabadilisha kila baada ya misimu michache, itakuwa hayo? Mchwa watakuwa juu kabla wewe hujashuka."

Maneno ya mchwa yaliniuma, nikakaa kwenye mawe yangu nikiwaza, na wazo likaja lenyewe, zuri, limevaa vizuri: pwani kuna chumvi hewani, bati linaoza lakini makuti yanadumu, kwa hiyo chumvi ni adui wa bati na rafiki wa majani! (Msinicheke bado, mtachoka mapema.) Asubuhi nikaenda mjini kwa Bwana Salimu, muuza duka, nikaomba chumvi ya mawe, ile ya mifugo.

"Mashaallah, ng'ombe wameongezeka kwenu?"

"Siyo ya ng'ombe, Bwana Salimu. Ya paa."

Akaniangalia, akachungulia nje kama kuna mtu nimekuja naye, kisha akapima chumvi taratibu. "Haya. Mungu akuzidishie."

Nikayaloweka yale majani kwenye maji ya chumvi, nikayaanika, nikaezeka. Ng'ombe wetu wenyewe walikuwa wameswagwa mbali, upande wa Meatu, kutafuta malisho, na mbuzi mama alikuwa amewafungia ili wasiharibu shughuli, kwa hiyo hakukuwa na ulimi wowote wa kunionya. Na lilipendeza! Mwanga ulipenya kama unapita katikati ya vidole vya mtu, ndani kunanukia mpunga, nikalala chini yake mchana kutwa nikiota kijiji kizima cha mapaa yangu, watoto wa Minza wamelala chini yake.

Siku ikafika. Salamu za Kisukuma zikajaa uani, "Mwadila!" "Mwadila bhabha!" Wazee wa Lalago wakainama wakaingia, wakakaa. Baba akakaa mwisho. Akapeleka mkono kwenye paji la uso kufuta jasho, akakuta hakuna. Akatazama juu.

"Hapa pana hewa," akasema.

Nilitaka kulia. Minza alikuwa mlangoni mwa jiko, nikampa ishara ya dole gumba, akaficha uso kwa kanga.

Ndipo ng'ombe wa mahari wakaingia uani, Shija na wenzake wanawaswaga kutoka Lalago kwa miguu. Jamani, mbavu. Kiangazi kilikuwa kimewanyoa. Baba akawatazama kupitia mlango wa banda, akasonya, na mimi sauti ile ya kusonya naijua tangu utotoni, ina maana ya hapana. Huku baba yake Shija ndiyo kwanza ameanza yale maneno marefu ya kuomba undugu, upepo ukageuka.

Fahali mweupe aliyekuwa mbele akasimama. Akanyanyua pua. Akasogea mpaka kwenye ukingo wa paa langu, akalilamba mara moja, akafumba macho. Nawaambia alifumba macho, kama mtu aliyekumbuka jina la mpenzi wake. Kisha wote wakaja.

Kwanza tulisikia tu sauti, kru, kru, kru, pande zote. Wazee waliendelea kuongea kwa heshima, kila mmoja akijifanya hasikii. Ulimi mmoja ukapenya ukampapasa baba yake Shija sikioni, akaupangusa bila kugeuka, akaendelea, "...kwa hiyo, ndugu zetu, sisi tumeona ua zuri hapa..." Shija na wenzake nje wanapiga kelele, wanavuta mikia, lakini ng'ombe mwenye njaa aliyeonja chumvi unamvuta wapi? Nami nikatoka mbio, nikakumbatia shingo ya fahali, tukawa tunavutana, yeye anavuta paa, mimi namvuta yeye, na kumbe kwa kumvuta yeye ndiyo nalivuta paa. Likaja lote. Lilishuka polepole, kwa adabu, likawafunika wazee wa pande zote mbili.

Kofia moja ikaibuka, kisha kichwa, kisha Mjomba Ndaki, akatema jani, akasita, akajilamba mdomo.

"Nani ametia chumvi humu?"

Nikaangalia miguu yangu. "Nilikuwa nazuia mchwa, mjomba."

Baba yake Shija akasimama, majani yamemjaa kwenye ndevu. "Kijana, wewe Msukuma, umelelewa na ng'ombe. Ukachukua majani, ukatia chumvi, ukayashusha mpaka yawafikie mdomoni. Ulimtegemea nani aje, bhabha?"

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini tena. Mimi sikucheka, nilikuwa namtazama baba, maana yeye hakucheka. Ng'ombe walishamaliza, chumvi ikawatia kiu, wakanywa mapipa yote ya maji ya shughuli, matumbo yakawa duara kama ngoma. Baba akawazunguka mmoja mmoja. Shija alisimama ameegemea fimbo yake, akimfuata baba kwa macho. Minza alitoka jikoni kabisa, mikono kichwani, na mimi nikajua paa langu ndilo litakalomnyima mume.

"Hawa..." baba akaanza.

"Shemeji," Mjomba Ndaki akamkata, akijikung'uta, "fikiri vizuri. Ukiwarudisha hawa, wanaondoka na nyumba yako tumboni."

Mabega ya baba yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na mpaka leo sina hakika kwamba hakulia kidogo. "Basi wabaki," akasema. "Siwezi kupeleka paa langu Lalago." Kisha akamtazama Minza, akasema kwa sauti ndogo, "Anayekwenda ametosha."

Vigelegele vya mama nadhani vilifika mpaka Maswa.

Sasa nimeapa. Siku nikijenga yangu nitapiga bati na nitaweka dari, na hata hivyo sitapanda juu kabla sijamuuliza mtu mwenye akili zake. Na wewe unayejenga, kabla hujauliza paa litadumu miaka mingapi, uliza kwanza nani hapo jirani ana njaa.

Nguzo na fito bado zimesimama pale uani. Nilitaka kuzing'oa kwa aibu, baba akakataa. Tangu Minza aondoke, kila mchana hupeleka kiti chake pale chini, penye vivuli vyembamba vya fito, akakaa ameelekea upande wa Lalago. Jua linamchoma waziwazi. Ukimwambia aingie ndani anakujibu hapo pana hewa.