Fundi wa Ndani ya Maski

Jamani wa kijiweni, sogezeni mabenchi, na wewe wa kahawa acha kugonga vikombe. Hili sikuhadithiwa. Limenikuta mimi, mchana kweupe, kwenye bustani za mchicha kule Jangwani.

Geti la Mama Teddy, mjane mwenye bustani, lilikuwa limeng'oka bawaba ya juu. Mbuzi walishakula matuta mawili, na kesho yake alfajiri ndiyo anavuna apeleke Kariakoo.

"Fundi, leo tukilala bila geti, kesho nauza mizizi."

Kule umeme hakuna. Nikapakia jenereta langu kwenye guta, na mashine ya kuchomelea juu yake. Jenereta lile nikiliwasha, watu wa Magogoni wanadhani pantoni imepiga honi.

Nikashusha maski, nikagusa chuma. Sasa, fundi yeyote atakwambia, kwenye kile kioo cheusi huoni kitu zaidi ya cheche. Mimi nikaona mtu. Kasimama ng'ambo ya geti, ovaroli ya bluu, kidole gumba hana, ananionyesha bawaba ya chini. Napandisha maski, mchicha mtupu. Nashusha, yupo, na kasogea.

Nikasema moshi wa jenereta umenilevya, nikalivuta kule upepo unakoelekea. Wapi bwana. Safari hii kachuchumaa kabisa, anatikisa kichwa kama mimi ndiyo kwanza najifunza kazi.

Ungefanyaje wewe? Nikikimbia, mbuzi wanamaliza. Nikivaa maski, namuona. Nikaitupa, nikachomelea bawaba ya juu huku nafumba jicho hili, nachungulia na lile. Bawaba ya chini naiona nzima, sikuigusa. Nilipolisukuma geti tu, ya chini ikakatika. Ndani ya rangi kumbe kutu tupu.

Nikavaa maski natetemeka mpaka jenereta likatulia kunishangaa. Nikachomelea palepale aliponionyesha. Akaitikia kwa kichwa, hakuonekana tena. Geti lipo mpaka leo.

Ila macho yangu yalivimba kama nyanya, siku tatu nalala na vipande vya kiazi usoni. Mpaka sasa sishushi maski bila kupiga hodi. Na nyie mafundi, mkionyeshwa pa kuchomelea, chomeleeni, msijitie ujuaji.

Jioni ile ile nilipomsimulia Mama Teddy, ovaroli, kidole, akakaa kwenye tuta. Marehemu mumewe huyo, geti alilitengeneza mwenyewe. Nikajua sasa atalia. Akasonya.

"Miaka yote naomba nimuote hata mara moja, haji. Leo kaja kukagua bawaba?"